Ukikaa Kando, Acha na Ufunguo

Wiki sita tu baada ya Uhuru, tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu. Kiti akamwachia Rashidi Kawawa, mwenyewe akaenda kuzunguka nchi akikijenga upya chama cha TANU. Kahangaika miaka yote ile, kapata, halafu anaacha?

Wapo wanaosema alisukumwa. Manung'uniko chamani yalikuwepo kweli, hasa juu ya kasi ya kuwapa Waafrika nafasi walizoshika Wazungu serikalini. Iwe hivyo. Nikipita Magomeni, ilipo nyumba aliyoishi enzi za kudai Uhuru, huwa nawaza zaidi namna alivyoondoka: madaraka aliyakabidhi. Aprili ukatoka waraka wake wa Ujamaa, na tarehe 9 Desemba mwaka huohuo nchi ikawa Jamhuri, yeye akiwa Rais. Sidhani waraka ule ungeandikika katikati ya mafaili ya ofisini.

Huku kwetu Mbagala, kuondoka kwa namna hiyo si kazi nyepesi. Chukua kikoba. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Mmoja akikosekana, halifunguki. Mama mmoja, mshika ufunguo, baada ya maneno makali juu ya mwenzao aliyechelewesha rejesho, akatangaza kikaoni: "Jamani, mimi napumzika kidogo. Nikae pembeni nitafakari."

Vizuri. Jumamosi iliyofuata wenzake wamekaa mkekani, pesa za hisa mkononi, sanduku limenuna katikati. Mwenye kupumzika yuko kwake Charambe, simu hapokei, ufunguo anao. Kupumzika gani huko? Mimi nakuita kugoma.

Mwenyekiti, mtu mzima asiye na papara, akamfuata nyumbani. Hakumuuliza atarudi lini.

"Dada, pumzika hata miezi mitatu. Nimefuata ufunguo tu."

Chai ikaletwa, habari za watoto zikaulizwa, maneno yakazungushwa weee, mwisho akaufungua kwenye pindo la kanga.

Mwezi uliofuata alirudi na wazo ambalo siku ile ya ugomvi asingelitoa, na angelitoa lisingesikika: mdaiwa alipe kidogokidogo, faini isimame. Likapita. Ufunguo alibaki nao mshikaji mpya mpaka kikoba kilipovunjwa, Desemba.