Kwenye Usawa wa Maji

Nabii Ezekieli hakuonyeshwa maji ya uzima kwa mbali tu. Katika sura ya 47 ya kitabu chake anaingizwa ndani yake: yanamfika miguuni, magotini, viunoni, hata yanakuwa mto usiovukika. Ndipo anapoambiwa kwamba maji hayo yataiponya bahari.

Nimeirudia sura hiyo kwa sababu ya Marie Lorenz, msanii wa New York. Tangu 2005 amekuwa akiwapakia watu katika mashua aliyoiunda kwa mikono yake na kuwatembeza katika bandari ya jiji lile. Makasia yapo, lakini safari hupangwa kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Hupita nyuma ya maghala, chini ya madaraja, kandokando ya gati zilizooza. Takataka zilizoachwa na maji huziokota na kuzitumia kutengeneza chapa na sanamu.

Katika maji ya jiji hilo kuna Newtown Creek, mkono wa bahari kati ya Brooklyn na Queens, ambao viwanda vya mafuta vilianza kuuzunguka karne ya 19. Mwaka 1978 helikopta ya walinzi wa pwani iliona mafuta yakielea pale. Ikagundulika kwamba zaidi ya lita milioni 60 zilikuwa zimevuja ardhini kwa miongo mingi, watu wakiishi juu yake. Mvua kubwa ikinyesha, majitaka humwagikia humo hata leo.

Maelfu huvuka madaraja yake kila siku. Aliye darajani huona mandhari. Aliye mashuani hunusa. Kwa hiyo ninauheshimu sana ukarimu wa Lorenz: angeweza kwenda peke yake na kutuletea picha, lakini hubeba abiria. Sisi kanisani mara nyingi tumeyaombea maji yaliyojeruhiwa tukiwa darajani.

Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliuingiza mkono huo wa Newtown Creek katika orodha ya maeneo yenye sumu yanayopaswa kusafishwa. Tope la chini bado ni chafu. Ezekieli naye hakufichwa: mstari wa 11 unasema matope hayataponywa, yataachiwa chumvi. Mstari huo hunisumbua, wala sioni haki ya kuuruka tunapohubiri juu ya mto ule. Wakazi wa kando ya Newtown Creek wamepigania tope lao lisafishwe kwa miaka mingi, na baadhi yao hupiga kafi juu yake.