Doa Jeupe Linadaiwa Maelezo?

Kuna saratani inayoanzia ndani ya jicho, kwenye seli zinazotengeneza rangi. Inaitwa melanoma. Kwa watu weusi ni adimu sana. Huwapata zaidi weupe wenye macho mepesi ya rangi. Tiba moja ni mionzi: kijisahani chenye madini ya mionzi hushonewa juu ya ukuta wa jicho, kinakaa siku kadhaa, kinaondolewa. Lakini imewahi kuonekana, kwa wagonjwa wachache, kwamba baada ya hapo nyusi zinageuka nyeupe na mabaka meupe yanatokea kwenye ngozi. Mbalanga.

Maelezo yanayotolewa ni kwamba uvimbe ukivunjika, kinga ya mwili inaitambua sura ya adui. Tatizo ni kwamba sura hiyo anayo pia asiye na hatia: seli za rangi za mkononi, za kope, za usoni. Kwa melanoma ya ngozi, wanaopata mabaka baada ya tiba za kuamsha kinga mara nyingi huwa na matokeo mazuri kuliko wasioyapata. Kumbe doa linaweza kuwa habari njema.

Sasa tuseme doa hilo liko usoni kwa mama anayeuza maandazi Tunduma, hatua chache kutoka mpaka wa Nakonde. Nani ataisoma habari njema? Watu watasoma mkorogo. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni ni marufuku nchini, lakini zinapenyezwa mipakani, na kila mtu ameshaona uso ulioungua. Wengine watasema ukoma, wengine karogwa. Na mkoa huu ngozi si jambo la utani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mbozi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, watu waliuawa na kuchunwa ngozi. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa nchini kwa sababu ya rangi tu.

Je, mama yule ajieleze? Zamani ningesema ndiyo, upesi: "Jamani, si mkorogo, ni dawa ya saratani." Siku hizi sentensi hiyo inanikera kidogo. Ina mkia: mimi si kama yule. Na yule yupo, meza ya pili, anauza dagaa, mashavu mekundu kwa krimu. Heshima ya mmoja inalipwa na mwenzake. Halafu yule wa dagaa alifanya kosa gani hasa? Aliambiwa tangu utotoni kwamba weupe ndio uzuri, akanunua alichouziwa. Mwenye ukoma je? Ugonjwa unaopona, dawa yake bure, lakini tunautumia kama tusi.

Hata hivyo siwezi kumwambia mama anyamaze kwa ajili ya mshikamano. Mimi naandika nimekaa. Yeye ana sinia la maandazi ambalo lisipoisha asubuhi, jioni watoto wanalijua. Akitaka kujitetea, ajitetee. Ninachokataa ni sisi kusimama pale kama mahakama, tukisubiri utetezi.

Hata "pole" yetu, ambayo kwetu ni adabu tupu, hapa inanitatiza. Tunampa pole ya nini, ya doa au ya kupona?

Labda ianzwe hivi: "Shikamoo, mama. Ya moto yapo? Nifungie manne."