DUKA LILIVUNJWA USIKU WA KESHA
Somo: 1 Samweli 30:1-25



Tunawasalimu ninyi nyote mlio hapa Nakivale, familia za Base Camp, za Juru na za Rubondo, na ninyi mliofika mwaka 2025 mkitoka Goma na Bukavu. Bado mnatafuta miti ya kujengea, na tunajua hali hiyo ni ya namna gani. Tunamshukuru Mungu kwa kutuvusha mwezi mwingine.

Wengi mmekwisha kusikia habari ya duka la mama mmoja wa kanisa letu. Hatutataja jina lake, maana limetajwa vya kutosha kisimani na sokoni. Ni mjane, ana watoto wanne, na ana duka dogo la matofali mabichi lenye mlango wa bati. Siku ya Ijumaa ya kesha alifunga mapema akaja kuomba pamoja nasi. Usiku ule mvua ilinyesha sana. Asubuhi alikuta ukuta wa nyuma una tundu chini kabisa, karibu na ardhi, la kupita mtu mwembamba. Zilikuwa zimekwenda bidoni 2 za mafuta, sukari, katoni za sabuni, sambaza, na kikopo cha fedha. Ndani ya kikopo kile mlikuwa na shilingi 480,000 za kikundi cha akiba cha akina mama, alizokuwa ametunza ili zigawiwe Jumatatu.

Sasa tufungue 1 Samweli sura ya 30. Wengi huisoma kama habari ya vita tu. Lakini tukumbuke Daudi alikuwa nani wakati ule. Alikuwa mkimbizi. Alimkimbia Sauli akavuka mpaka, akaingia nchi ya Wafilisti pamoja na watu 600 na jamaa zao. Mfalme Akishi akampa mji wa Siklagi akae humo, na sura ya 27 yasema alikaa katika nchi ile mwaka 1 na miezi 4. Kwa hiyo Siklagi ilikuwa kama makazi yetu haya: ardhi si yako, umegawiwa, nawe unashukuru.

Ndipo siku moja wanaume wote wakatoka pamoja na Akishi. Waliporudi siku ya tatu wakakuta Waamaleki wameuchoma mji na kuchukua kila kitu, na wake na watoto pia. Mji ulikuwa hauna mlinzi, na adui alijua hivyo.

Wandugu, hapa tunapaswa kujihukumu sisi wazee kwanza. Tangazo la kesha lilisomwa majuma 2 mbele ya watu wote: Ijumaa, tangu saa tatu usiku hadi alfajiri, kila mshirika afike. Mwizi naye ana masikio. Tulimwambia ni usiku upi nyumba zetu zitakuwa tupu. Bwana Yesu mwenyewe katika Mathayo 24:43 alisema juu ya mwenye nyumba ambaye, kama angalijua saa ya mwizi, angalikesha nyumbani. Kukesha kanisani hakumwondolei mtu wajibu wa kulinda nyumba. Nehemia alifanya yote mawili: aliomba, na aliweka walinzi (Nehemia 4:9). Tena ukuta ulipokwisha, katika sura ya 7 mstari wa 3, aliamuru malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali, na wenyeji walinde kwa zamu, kila mtu kuelekea nyumba yake. Tangu sasa, siku ya kesha, watu 2 wa kila mtaa watabaki nyuma, kwa zamu, na tutawahesabu kuwa wamekesha pamoja nasi. Tunalipata jambo hili kwa Daudi pia. Waliochoka 200 wakabaki na vyombo kwenye kijito cha Besori, na Daudi akakataa neno la wale waliotaka kuwanyima fungu. Mwenye kulinda mizigo alipata sawasawa na mwenye kwenda vitani.

Katika Mathayo 6:19 Bwana anasema wezi huvunja. Neno la Kigiriki lililoandikwa pale maana yake ni kuchimba, kutoboa. Nyumba za kule nyingi zilikuwa za udongo kama hizi zetu, na mwizi hakuhitaji kugusa mlango. Ayubu 24:16 nayo yasema hivyo juu ya watu wa giza. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yetu: walimwaga maji ukutani, tofali likalainika, wakachimba kwa chuma, na mvua juu ya mabati ikaficha sauti. Kufuli yake kubwa ya mlangoni, ambayo aliinunua kwa bei kali, hawakuitazama.

Fundi mmoja wa kwetu alikwenda kutazama tundu lile akatueleza mambo ambayo tunaona vema kuyaandika, maana si mama huyu peke yake mwenye duka. Ukuta wa tofali bichi ni dhaifu pale chini, hasa upande wa nyuma ambako hakuna mtu anayepita. Ukiweza, anza na msingi wa mawe. Kama simenti haitoshi, paka upande wa nje hata kufikia goti tu, usiimalize kwa kupamba mbele. Magunia mazito ya unga na chumvi yapangwe ndani kwenye ukuta ule wa nyuma, na vitu vyepesi vya bei kubwa vikae katikati. Nyuma ya duka panda miiba. Mlangoni, tazama misumari ya bawaba. Ikiwa vichwa vyake viko nje, mtu huitoa na kufuli ikabaki imefungwa inaning'inia. Taa ndogo ya jua ikiwaka nje usiku husaidia, ila uifunge juu sana au nayo itaibiwa (tumekwisha kuona). Na usiku wa mvua kubwa, wewe unayelala karibu na duka la mwenzako, ondoka kitandani mara moja uzunguke.

Fedha zisilale dukani. Jambo hili tunalisema kwa uchungu. Ikiwa una simu, weka mauzo kwenye simu kila jioni, na namba ya siri usimpe hata mtoto wako anayekusaidia kubofya. Na ninyi wa vikundi vya akiba: sanduku la kikundi hufanywa na kufuli 3 ili funguo 3 zikae kwa watu 3, na fedha zihesabiwe mbele ya wote. Kikundi hiki sanduku wanalo. Lakini kwa sababu ufunguo mmoja ulipotea, waliona kikopo cha mama kinatosha. Walimwamini, na kumwamini mtu ni jambo jema, lakini walimbebesha mama mmoja mzigo wa watu 24.

Tazameni lililofuata. Katika Siklagi watu walilia mpaka nguvu zikawaishia, kisha wakataka kumpiga Daudi kwa mawe. Waliompora walikuwa Waamaleki, lakini Daudi ndiye aliyekuwa karibu. Hapa petu kabla ya saa nne asubuhi tulikwisha kusikia kwamba mama yule amejiibia mwenyewe, amechimba ukuta wake ili ale fedha za kikundi. Wengine walikwisha kutaja kabila la wezi, bila kuona hata unyayo mmoja. Na mmoja wetu, mtu wa kanisa, alishauri wachange fedha waende kwa mganga ng'ambo ya ziwa akawaonyeshe mwizi. Wandugu, tulikimbia nchi yetu kwa sababu ya maneno ya namna hii. Mganga hajui mwizi. Atataja yule ambaye ninyi mmekwisha kumchukia, nanyi mtasema ameona.

Daudi alijitia nguvu katika Bwana, akaomba, kisha akafuata nyayo. Njiani wakakuta kijana Mmisri kondeni, hajala wala kunywa siku 3. Alikuwa mtumwa wa Mwamaleki, alikuwa pamoja nao walipochoma mji, na alipougua bwana wake alimwacha afe. Ingekuwa rahisi sana kumuua. Walimpa mkate, maji, tini na zabibu. Roho yake ilipomrudia akasema yote, ila kabla ya kuwaongoza aliomba kiapo kwamba hatauawa wala kurudishwa kwa bwana wake.

Jumamosi ile mchana mvulana mmoja alikamatwa akiuza miche ya sabuni kwa nusu ya bei. Watu walikuwa wamekwisha kumfunga mikono, na tairi lilikuwa limeletwa. Tunaliandika neno hilo, tairi, ili kila mtu ajue tulifika wapi. Wazee 2 na mama mwenye duka mwenyewe walisimama mbele yake. Mama alisema, "Mkimuua, sabuni zangu zitarudi?" Ni maneno hayo tu, na yalitosha kuwatuliza wachache, na wachache wale wakawatuliza wengine mpaka polisi walipofika.

Sheria ya Mungu katika Kutoka 22:2-3 inatofautisha usiku na mchana. Mwizi akipigwa gizani wakati anavunja na akafa, jambo lake ni lingine. Lakini jua likiisha kumchomoza, damu yake iko juu ya aliyemuua. Mchana unamwona uso, unaweza kumshika, unaweza kumpeleka mbele ya hakimu. Na anachotakiwa mwizi pale ni kulipa, si kufa. Sheria ya Uganda nayo humhesabu mtu aliyeua mwizi kuwa ni mwuaji, hata wakiwa watu mia waliopiga pamoja.

Mvulana yule hakuwa amekula tangu Alhamisi. Alipopewa uji alieleza kwamba yeye alipitishwa tunduni kwa sababu ni mwembamba, na watu wazima 2 walikuwa wakipokea vitu nje. Miche ile ndiyo aliyolipwa. Kwa maneno yake bidoni 1 na katoni 3 zilipatikana. Fedha hazikupatikana, wala wale watu wazima. Kwa Daudi vyote vilirudi. Kwetu vimerudi vichache. Mvulana yuko mikononi mwa polisi wanaoshughulikia watoto, na mlezi wake anamtembelea. Tumeahidi kutomtaja, nanyi tunawaomba msimtaje.

Njaa ipo, hatukatai. Tangu chakula cha msaada kilipopunguzwa mwaka 2023 na tena mwaka 2025, tunaona watoto wakizunguka sokoni saa za masomo. Mithali 6:30-31 inajua kwamba watu hawamdharau sana mwizi mwenye njaa, lakini bado inamdai alipe. Ninyi mlionunua sabuni kwa nusu ya bei mlikuwa na mashaka, na hamkuuliza. Kununua mali ya wizi ni kosa mbele ya sheria, na ndiko kunakompa mwizi sababu ya kurudi. Paulo katika Waefeso 4:28 hasemi tu mwizi aache. Anasema afanye kazi kwa mikono yake apate kitu cha kumpa mwenye shida. Sheria ya wakimbizi ya nchi hii ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Mafundi wa kanisa, seremala na washonaji, tunawaomba mtuambie ni nani anaweza kumpokea kijana mmoja wa kujifunza. Tulipouliza Jumapili mikono ilikuwa 2. Ni michache.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotufanya tuandike ukurasa huu wote. Pamoja na kikopo lilichukuliwa daftari la madeni. Polisi walimwuliza mama ameibiwa nini hasa, akashindwa kutaja hesabu, kwa sababu hesabu yote ilikuwa mle. (Wenye maduka, andikeni madaftari 2, moja likae nyumbani.) Mwizi hana kazi na daftari lile, pengine amewashia moto. Lakini ninyi mliokopa sukari, chumvi, vocha, mnajua mlichokopa. Hakuna karatasi tena inayowashuhudia. Mama yule hawezi kumwendea mtu yeyote na kumdai. Katika habari za Zakayo mtoza ushuru, yeye mwenyewe ndiye aliyesimama akataja.

Mpaka tunapoandika, watu 11 wamekuja. Mmoja alileta shilingi 700. Mwingine alisema alikopa zaidi ya alivyokumbuka mama, wakabishana kidogo, naye akalipa hesabu yake ile kubwa. Mama anasema daftari lilikuwa na majina karibu 40.

Kikundi cha akiba kimekubali kumpa mama muda, na wazee watachangia sehemu katika sadaka ya mwezi ujao, maana lawama ya kesha ni yetu. Akina mama 2 bado hawasalimiani. Tunawaombea, na tutawatembelea Alhamisi.

Duka limefunguliwa tena tangu Jumatano. Ukuta wa nyuma una mawe sasa. Mnaweza kulipa pale pale, asubuhi kabla ya saa nne wakati hakuna watu wengi, au mkampa katibu wa kanisa katika bahasha bila jina.

Ni sisi wazee wa kanisa.