Neno la Mungu si Fimbo ya Nyumbani



Katika nyumba nyingi za Wakatoliki Biblia iko juu ya meza, na hilo ni jambo jema. Lakini ziko nyumba ambazo Biblia hufunguliwa siku ya ugomvi tu. Baba anatafuta Waefeso sura ya 5, aya ya 22, ili amwambie mama anyamaze, kwani Mtume Paulo amewaagiza wake wawatii waume zao. Mama naye anashuka hadi aya ya 25, anamwuliza baba kama yu tayari kufa kwa ajili yake jinsi Kristo alivyolifia Kanisa. Wote wawili wametaja Maandiko, na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Basi tujiulize: je, ni haki kumnyamazisha mwenzi wako kwa Neno la Mungu?

Mimi nasema si haki. Yako maneno machache ambayo kila msomaji wa Biblia anapaswa kuyajua, nayo yatatuonyesha sababu.

Neno la kwanza ni muktadha, yaani yale yanayotangulia na yanayofuata. Paulo hakuandika namba za aya. Namba tunazotumia katika Agano Jipya ziliwekwa na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Aya ya 21, ambayo baba ameiruka, inawaagiza Wakristo wote watiiane kwa kumcha Kristo. Tena, katika baadhi ya nakala za kale sana za Kigiriki, aya ya 22 haina kitenzi chake. Inategemea kile cha aya ya 21. Kwa hiyo mume anayedai utii huku yeye hamtii mkewe amesoma nusu ya sentensi.

La pili ni aina ya uandishi. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano iitwayo Dei Verbum, ya mwaka 1965, inatufundisha kwamba shairi halisomwi kama historia, wala historia kama unabii. Sehemu hii ya Waefeso ni mawaidha ya nyumbani ndani ya barua. Wakati ule kumwambia mke atii halikuwa jambo geni. Jambo geni lilikuwa kumwambia mume ajitoe kwa ajili ya mkewe. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alieleza kwamba maneno yale yamebeba utamaduni wa wakati wake, na kwamba sisi tunatafuta ujumbe wa Mungu uliomo.

La tatu ni kanoni, yaani orodha ya vitabu vitakatifu. Yetu ina vitabu 73: 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya, kama Mtaguso wa Trento ulivyothibitisha mwaka 1546. Katika ndoa za mseto, mmoja husema Biblia ya Kikatoliki ina vitabu vya ziada, na ugomvi mwingine unaanza. Msibishane. Fungueni Tobiti sura ya 8, mwone Tobia na Sara wakiamka kusali pamoja usiku wa harusi yao. Hata asiyekihesabu kitabu hicho katika kanoni yake anaweza kusali namna hiyo na mwenzi wake.

La nne ni Mamlaka ya Kufundisha ya Kanisa, ambayo hufafanua Maandiko pamoja na Mapokeo. Dei Verbum inasema wazi kwamba mamlaka hiyo haiko juu ya Neno la Mungu, bali inalitumikia. Ikiwa Papa na maaskofu ni watumishi wa Neno, baba wa nyumba atakuwaje bwana wake? Papa Yohane Paulo wa Pili naye alifundisha mwaka 1988, katika Mulieris Dignitatem, kwamba kutiiana ni wajibu wa mume na mke pia.

La tano ni agano. Katika mkataba watu hupeana vitu. Katika agano hupeana nafsi zao. Ndoa ni agano, na huwezi kujitoa kwa mtu huku umemziba mdomo.

Labda utauliza: je, nisimwonye mwenzi wangu kwa Maandiko? Mwonye. Lakini wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kubali kwanza ile aya inayokukata wewe, ndipo utamke inayomhusu yeye. Anayeonya hungoja jibu, anayenyamazisha halitaki. Na yule anayepigwa huku akisomewa aya ajue kwamba hakuna Andiko linalomruhusu mtu kumpiga mwenzi wake. Amwendee paroko, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na hata polisi.

Wiki hii, jioni moja, someni pamoja Waefeso 5:21-33. Baba asome kwa sauti aya za mume, mama aya za mke. Kisha kila mmoja aseme ni aya gani kati ya zake imekuwa ngumu kwake kuitimiza. Za mwenzake aziache.

Mungu awabariki.