Faili Lililoitwa async

Juni 2018 Python 3.7 ilitoka. Waliokuwa wakitumia Celery, maktaba ya kuzipangia seva kazi za pembeni, wakasasisha mitambo yao kama kawaida, na programu zikagoma kabla hata hazijaanza. Mstari uliolaumiwa ulikuwa huu: from . import async, base. Kosa la sintaksia, ikasema mashine. Wala hakuna aliyekuwa ameugusa.

Kilichokuwa kimebadilika ni lugha yenyewe. Async na await ziliingia kama maneno ya amri katika toleo la 3.5, mwaka 2015, na walioziingiza walijua fika kuwa watu walikwisha kuyatumia maneno hayo kama majina. Wakaweka ujanja: async ihesabiwe amri pale inapofuatwa na def, na ndani ya fanksheni inayoanzishwa hivyo, kwingineko ibaki jina kama majina mengine. Hawakuficha kuwa ruhusa hiyo ina mwisho, kwamba ikifika 3.7 maneno yote mawili yatatengwa kabisa. Katika 3.6 Python ikawa inatoa onyo kwa kila aliyeita kitu chake async. Bahati mbaya, maonyo ya namna hiyo hayakuwa yakionekana mpaka uyaombe, na nani huomba kuonywa?

Ikabidi Celery ilibadilishe jina faili lake la async, liwe asynchronous. Hata maktaba ya Python yenyewe haikusalimika: ilikuwa na fanksheni asyncio.async, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ensure_future.

Zamu ya kuongeza amri ya match ilipofika, mwaka 2021 katika 3.10, watengenezaji wa Python waliogopa, na walikuwa na haki. Kulitenga neno hilo kungevunja re.match, fanksheni iliyotapakaa kila mahali. Kichanganuzi cha zamani cha Python kilitazama neno moja tu mbele. Kikikuta match (a, b) hakikuwa na njia ya kujua kama ni fanksheni inaitwa au amri inaanza, maana kinachoamua ni nukta mbili zilizo mwishoni mwa mstari. Kichanganuzi kipya, kilichoingia na 3.9, hujaribu njia moja, ikigoma kinarudi nyuma na kujaribu nyingine. Ndiyo maana hadi leo unaweza kuandika match = 5 na Python isilalamike.

Wewe mwenye maktaba inayotegemewa na wengine, endesha majaribio yako kwa python -Wd, inayoyaonyesha maonyo yaliyofichwa, kisha usome kinachotoka.