Kabla ya Kuifungua Tena

Vijana wangu mnaotengeneza pikipiki katika mitaa ya Kadutu, Essence na Panzi, nawasihi: kabureta mliyoisafisha na kuiwekea vifaa vipya ikikataa kutulia, msiifungue tena palepale kwa hasira. Najua motari amekusimamia, anahesabu abiria wanaompita, na mkono wako unakimbilia bisibisi. Uzuie. Pikipiki iliingia kwako na ugonjwa mmoja. Ikiwa sasa ina mwingine, umetoka mikononi mwako au ndani ya ile pakiti ya dukani.

Anza na pakiti. Jikleri ya zamani isitupwe hata kama imeliwa, maana ina namba iliyochongwa. Ilinganishe na ya ile mpya. Vifaa vya Boxer na vya TVS huuzwa katika pakiti zinazofanana, na tundu la jikleri likizidi kwa kiasi ambacho hata jicho halioni, injini inakunywa kupita haja. Sindano ndefu nayo ina mifereji ya kukalia klipu. Kabla ya kuichomoa, tazama klipu iko mfereji wa ngapi, uandike, kwa sababu ukiishusha klipu sindano inapanda na esansi inaongezeka. Mafundi wengi hawaandiki, na hapo ndipo siku nzima inapotea.

Kisha toa buji uisome. Masizi meusi makavu, esansi imezidi. Weupe, hewa imezidi. Kahawia ya biskuti, injini ni nzima. Weusi usikushangaze mjini kwetu. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko mlimani juu yake, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Kabureta iliyopimwa kwa Mombasa, hapa humwaga esansi ambayo hewa haitoshi kuiunguza.

Buji ikiwa nyeupe, na ralanti inapanda yenyewe wala haishuki ukiachia gesi, kuna hewa inayopenya pasipo njia yake. Paka maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na injini, pikipiki ikinguruma. Mlio ukibadilika, umepata ufa au mpira uliokaa vibaya. Wapo wanaorushia esansi badala ya maji. Msithubutu kamwe: injini imewaka, na watoto wa mtaa wamewazunguka.

Esansi ikichuruzika chini, kagua floteri na sindano yake ndogo. Pikipiki ikizima baada ya mwendo, kisha ikawaka ulipofungua kifuniko cha tangi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba, kabureta haina kosa. Na kwa kuwa wengi hununua esansi ya chupa kando ya njia, mimina ile iliyo katika bakuli la kabureta ndani ya chupa inayoonyesha, uiache itulie. Maji yakiwemo yatakaa chini.

Skrubu ya hewa ikaze taratibu mpaka iguse tu, uilegeze mzunguko mmoja na nusu, ndipo utafute mlio mzuri injini ikiwa na joto. Ukiikaza kwa nguvu, ncha inaharibika. Gusa kitu kimoja, panda mlima, rudi, soma buji, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na pikipiki ikapona, hutajua ni kipi kilichoiponya, na kesho utaanza upya.

Tena umuulize motari anafanyia kazi wapi. Anayeshuka Kamanyola hadi Uvira anafika kwenye Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi tu, ambako hewa ni nzito. Ukiwa umeibana esansi sana ili imfae hapa mlimani, kule injini itachemka, na pistoni inaweza kushika. Huyo mrudishie klipu kwenye mfereji wake wa kiwandani, mpe ufunguo wa buji, umwambie asimame Kamanyola aitazame kabla ya kuendelea.