Kumrudi Ndugu ni Kumrudisha



Wale miongoni mwetu wasomao magazeti ya Kiingereza wamelikuta mara nyingi neno "castigate". Mbunge akimlaumu waziri kwa ukali, ndilo neno liandikwalo. Magazeti yetu ya Kiswahili husema "amshukia" au "amjia juu". Kwa njia zote mbili tunaarifiwa kwamba mtu amesema kwa ukali na mwingine ameaibishwa mbele ya watu. Habari huishia hapo. Ni mara chache kuambiwa kama yule aliyelaumiwa alitengenea.

Lakini neno hilo halikuanza hivyo. Asili yake ni Kilatini, na wataalamu husema limeundwa na neno lenye maana ya "safi" pamoja na jingine lenye maana ya "kutenda". Basi hapo mwanzo lilihusu kumfanya mtu awe safi. Biblia ya Kilatini, iliyosomwa katika makanisa ya Ulaya ya magharibi kwa zaidi ya miaka elfu moja, inalitumia katika Waebrania 12:6, tunapofundishwa kwamba Bwana humwadibisha yule ampendaye. Inalitumia tena katika Ufunuo 3:19, Bwana Yesu anaposema na kanisa la Laodikia. Mahali pote pawili neno hilo limekaa karibu na upendo. Linapochapwa leo katika gazeti, ukali umebaki, bali upendo na usafi vimesahauliwa.

Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952 imetumia katika mistari hiyo miwili neno "kurudi". Tunalijua neno hili. Mzazi humrudi mtoto akosapo. Na ni neno hilo hilo tulisemalo mtu akitoka safari na kufika kwake. Basi na litufundishe: anayemrudi ndugu yake na atazame kama ndugu huyo amerudi. Vivyo hivyo "kukosoa". Kama kufungua kulivyo kinyume cha kufunga, kukosoa ni kinyume cha kukosa. Kazi ya mkosoaji ni kuliondoa kosa, wala si kumwondoa mkosaji.

Tuseme katika mtaa mmoja fedha za sikukuu ya mavuno zimepungua. Mama aliyezitunza hana stakabadhi zote. Baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama nje, mzee mmoja anampazia sauti mbele ya watoto wake. Kabla ya jioni maneno yamekwisha kuzunguka katika simu za watu. Jumapili ifuatayo kiti cha mama huyo ki wazi, na Jumapili ya pili vilevile, na watoto wake hawaji tena mafundisho ya kipaimara. Je, fedha zimepatikana? La. Tumepungukiwa fedha, na sasa tumepungukiwa nyumba nzima.

Hatusemi kwamba makosa yafunikwe. Fedha za kanisa ni sadaka za watu, na wengine wameuza kuku wao ili kuzitoa. Hesabu lazima idaiwe. Ila Bwana wetu ametuonyesha utaratibu katika Mathayo 18: kwanza nenda kwake, ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe. Ndipo kanisa liambiwe. Yule mzee alianzia mwisho. Angalikwenda nyumbani kwa mama yule jioni, wakaketi na daftari, pengine wangaliona mahali hesabu ilipopotea. Na kama palikuwa na wizi, mama angalipata nafasi ya kuungama na kulipa.

Tumwangalie nabii Nathani katika 2 Samweli 12. Hakumbembeleza mfalme Daudi. Alimsimulia habari ya mwana-kondoo wa maskini, kisha akamwambia waziwazi kwamba mkosaji ni yeye. Lakini Daudi alipokiri, ni Nathani huyo huyo aliyempa habari ya msamaha. Na Daudi alipokuwa mzee sana, katika 1 Wafalme 1, twamkuta Nathani bado anaingia kwake kumshauri. Karipio lake halikuufunga mlango kati yao. Je, sisi tukimkaripia mtu, kesho twaweza kubisha hodi kwake na kukaribishwa?

Liko jambo jingine. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Timon of Athens, uliochapwa mwaka 1623, neno "castigate" limewekwa kinywani mwa mtu mwenye ulimi mkali sana. Anamwambia Timon kwamba mavazi yake ya kimaskini yangekuwa na faida kama angeyavaa ili kukirudi kiburi chake mwenyewe. Hata mtu yule mkali alijua pa kuanzia. Naye Mtume Paulo, katika Wagalatia 6:1, anaagiza kwamba aliyenaswa na kosa arejezwe kwa upole, na anayemrejeza ajiangalie nafsi yake. Hasira yetu kwa ndugu mara nyingine ni kiburi kilichovaa kanzu ya haki.

Basi, wapendwa, kabla ya kumkaripia mtu tujiulize mambo matatu. Je, nimekwenda kwake peke yake? Je, nataka atengenee, au nataka watu wajue kwamba mimi si kama yeye? Je, nimemwachia njia ya kurudi? Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona. Ulimi waweza kuacha kiti kitupu kanisani kwa miaka mingi.

Na kama tunakijua kiti cha namna hiyo, juma hili twende tukabishe hodi nyumbani kwa mwenyewe. Mungu atupe maneno ya kweli, na upendo wa kuyasema. Amina.